Msafara ulio mbali katika mchoro wa Guillaumet una maana gani?

Swali
Ndugu wanajukwaa, naomba mnisaidie kuusoma mchoro wa Gustave Guillaumet, mchoraji Mfaransa, uitwao "Sahara", wa mwaka 1867, uliomo katika makumbusho ya Orsay mjini Paris. Mbele umelala mzoga wa ngamia, ngozi imekaukia mbavuni, na nyuma yake hakuna kitu ila mchanga na anga. Msafara wenyewe ni alama hafifu kwenye upeo wa macho, hata niliupita mara mbili kabla ya kuuona. Kwa nini mchoraji aufifishe hivyo?

Jibu la kwanza
Mimi nauona kuwa ishara ya mauti. Jangwani msafara ndio uhai, kwa kuwa una maji, chakula na wajuao njia. Aliyeachwa nyuma hana lake, na ngamia huyu ameachwa. Tukumbuke pia kwamba Guillaumet alikuwa akisafiri Algeria tangu 1862, na kwamba njaa ya 1866 hadi 1868 iliua watu wengi mno huko. Baadaye aliichora njaa hiyo waziwazi, kwa hiyo siamini kwamba mzoga ule ni pambo tu.

Jibu la pili
Nakubaliana nawe kuhusu mzoga, lakini utupu ule unanitia shaka. Ufaransa ilikuwa imeivamia Algeria tangu 1830, na nchi ikichorwa kuwa tupu, mtazamaji wa Paris huona kwamba haina mwenyewe. Sahara ilikuwa njia ya chumvi, dhahabu, vitabu, na kwa masikitiko makubwa, ya watumwa; hayo yote hayamo mchoroni. Ulinganishe na "Mahujaji Wakienda Makka" wa Léon Belly, Mfaransa mwenzake, wa 1861, ambamo msafara unatujia uso kwa uso, ngamia wametangulia na safu ndefu inafuata nyuma yao. Ni kweli kwamba mwanamke aliyepanda punda akiwa na mtoto anawakumbusha Wakristo safari ya Mariamu kwenda Misri, yaani Belly naye aliwachorea watu wa kwao. Hata hivyo mahujaji wake wana nia na wanajua waendako, jambo ambalo mimi Muislamu nalitambua mara moja.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Baada ya kuwasoma nimerudi kuutazama msafara wa Guillaumet kwa makini, na bado sijaweza kutambua kama unakuja au unaondoka.