Nimepewa sifuri eti ndege nimeipakua mtandaoni, na faili lenyewe hawajalifungua!

Wakuu, habari za usiku. Nina hasira hadi mikono inatetemeka, ila nitajitahidi nieleweke.

Niko mwaka wa tatu, uhandisi mitambo, chuo sikitaji. Kwenye projekti ya kuchora kwa kompyuta nilichagua Cessna 172, kile kindege cha injini moja chenye bawa juu, ambacho marubani wengi duniani wamejifunzia. Nimekaa nacho miezi minne. Jumatatu matokeo yametoka: sifuri. Juu ya ripoti yangu kuna maneno mawili kwa kalamu nyekundu, "Imepakuliwa mtandaoni".

Nikamfuata mhadhiri ofisini. Bila hata kuinua macho akaniambia mwanafunzi wa mwaka wa tatu hawezi kuchora ndege ikatoka vile. Nikamwomba afungue faili. Akasema kwenye kompyuta za maabara halifunguki. Ni kweli, kwa sababu programu ya maabara ni toleo la zamani, na toleo la zamani halisomi faili la toleo jipya. Hilo niliandika ukurasa wa pili wa ripoti, nikaomba niwasilishe kwa laptopu yangu. Hakuna aliyenijibu. Yaani kazi ya kompyuta imesahihishwa kwa kutazama picha nne nilizoprinti steshenari!

Sasa nisikilizeni. Bawa la ndege hii ukilikata kama unavyokata mkate, unapata umbo linaloitwa NACA 2412. Mstari wake wa katikati umepinda asilimia 2 ya upana wa bawa (kutoka mbele hadi nyuma), upindo unafika kilele kwenye asilimia 40 kutoka mbele, unene ni asilimia 12. Nukta zake zina kanuni ya hesabu. Nilizikokotoa kwenye Excel, nikaziingiza, bawa likagoma kufunga. Siku tatu! Kumbe kanuni yenyewe haifungi ncha ya nyuma: pale shinani, bawa linapoungana na mwili wa ndege, ambapo lina upana wa mita 1.63, inaacha mwanya wa kama milimita 4. Namba ya mwisho kwenye kanuni ni 0.1015. Ukiweka 0.1036, ncha inafunga. Hilo nililigundua saa nane usiku, umeme umekatika, laptopu imebaki na chaji asilimia 9.

Halafu bawa la 172 limesokotwa. Shinani limeinama juu digrii 1.5, nchani limeinama chini digrii 1.5, ili mwendo ukipungua kupita kiasi, sehemu ya karibu na mwili ndiyo itangulie kupoteza nguvu ya kuinua, na vile vibawa vya nchani viendelee kumtii rubani. Nilipakua modeli tatu za bure ili nilinganishe, ndiyo, na niliandika hivyo kwenye ripoti. Zote bawa limenyooka kama ubao. La kwangu limesokotwa, na ukiligeuza mara moja tu kwenye skrini unaliona.

Orodha ya hatua nayo ipo kushoto mwa skrini, hatua 214 tangu mstari wa kwanza. Modeli ya kupakua mara nyingi huja kama pande moja lisilo na historia. Mimi nina nakala 61, kila moja na tarehe yake.

Jamaa wa darasani aliyemlipa mtu amchoree gia boksi amepata 71. Hiyo ndiyo imeninyima usingizi.

Siombi kuongezewa maksi kwa huruma. Wanikalishe mbele ya jopo, wachague kipande chochote, ubavu wa bawa, mkia, hata ile nguzo inayoshikilia bawa, nikichore upya wakiniangalia. Nikishindwa, sifuri ibaki.

Mwisho wa rufaa ni Ijumaa, na ofisi ya taaluma wanasema barua ipitie kwa mhadhiri yule yule. Aliyewahi kukata rufaa ya projekti anielekeze: naruhusiwa kuipeleka moja kwa moja kwa mkuu wa idara? Na kuna namna ya kudai kwa maandishi kwamba faili lifunguliwe nikiwepo? Nipo macho, naomba majibu usiku huu huu.