Kumrukia adui kutoka juu: kanuni zinasemaje?

Mrusha Dadu: Wakuu, naomba ufafanuzi. Katika mchezo wetu wa Dungeons & Dragons, toleo la 5 (mchezo wa kuigiza hadithi ambamo dadu huamua matokeo), mchezaji mmoja aliyekuwa juu ya ukuta wa futi 20 alitaka kumrukia mlinzi aliyesimama chini na kumchoma mkuki. Nilimruhusu arushe dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa, lakini baadaye nikahisi nimempendelea.

Mzee wa Meza: Ulimpendelea kweli, ndugu yangu. Katika toleo hilo kimo peke yake hakimpi mshambuliaji nafuu yoyote; ni katika toleo la 3 ambapo aliyesimama juu aliongezewa 1 kwenye shambulio. Kuanguka ndiko kuna gharama: kila futi 10 ni dadu moja ya pande sita, kwa hiyo shujaa wako angeumia kwa dadu mbili, kisha angejikuta amelala chini, na aliyelala chini hushambulia kwa kuchukua dadu iliyo ndogo.

Kete Sita: Ipo pia kanuni ya hiari iliyotolewa mwaka 2020. Anayeangukiwa hujaribu kukwepa kwa wepesi wake, akirusha dadu na kuhitaji kufikisha 15. Akishindwa, maumivu ya anguko hugawanywa sawa baina ya wote wawili. Mezani kwangu humruhusu mrukaji ashambulie mara moja kabla ya kugusa ardhi, ingawa hilo ni la kwangu, halimo kitabuni.

Mrusha Dadu: Nashukuru sana. Mlinzi alikuwa amebakiwa na pointi 4 za uhai. Kumbe angeweza kuuawa kwa makalio tu, mkuki ukabaki safi.