NDARA! Ndani ya injini yangu! Halafu aniambia nishukuru!

Mzee_wa_XL
Mikono ingali na oili, nimeshindwa kungoja ninawe. Simtaji. Yule yule fundi wa chini ya mwembe, nyote mwamjua, toka Kisauni hadi Bamburi hakuna mwenye pikipiki ambaye hajalia kwake.

Nilimpelekea pikipiki yangu, Honda XL125, kwa sababu ya timing chain, ile cheni ya ndani ya injini inayozungusha kifaa cha kufungua valvu. Ukiiwasha asubuhi ingali baridi, kabla hujapiga resi, kracha kracha kracha, mpaka waliozikwa makaburini Manyimbo wajua natoka. Nikamwambia wazi: badilisha cheni, gia zake na pedi zake zinazoiongoza. Pesa akala zote. Jioni naichukua, kimya kama maji ya mtungini.

Leo fundi mwengine afungua hedi, kile kichwa cha injini. Nyuma ya pedi kuna NDARA. Kipande cha ndara ya kijani, kimekatwa kwa kisu, tundu ya kamba ya kidole bado iko! Cheni ni ile ile kuukuu. Hakubadilisha kitu, kaikaza kwa ndara!

Nampigia simu, anijibu: "Si ilinyamaza? Shukuru."

SHUKURU!

Jamani, cheni ya chuma haivutiki. Inalika kwenye pini na matundu yake, kiungo kwa kiungo, ndiyo hurefuka ikalegea. Tenshena, kile kikazio chake, inaisukuma mpaka inafika mwisho wake, na hapo ni kubadilisha tu, hakuna dua. Ikiruka jino, valvu zafunguka wakati usio wake, na kuna injini ambazo valvu zagonga pistoni kabisa. Yeye katia ndara! Mpira ule ndani ya oili ya moto umevimba, ukameguka, makombo tumeyatoa kwenye chujio ya oili. Tundu ya kidole nimeiona kwa macho yangu!

Chuma_Chakavu
Ya mguu wa kulia au wa kushoto?

Mzee_wa_XL
Usinitanie. Ndara! Ndani ya injini!

Bint_Mtopanga
Pole ami. Mimi alinifungia hedi bila kulinganisha alama ya T ya magneti, ile ya pistoni ikiwa juu kabisa, na alama ya gia ya juu ya cheni. Ikakataa kuwaka, nikaisukuma hadi nyumbani. Yeye ashikilia kuwa ni plagi.

Vijiti_CG
Ndiyo maana sisi wa CG125 twalala usingizi. Haina timing chain, valvu zasukumwa na vijiti. Honda waliitoa 1976 na mpaka leo yaigwa. Uza hiyo XL, mzee.

Bint_Mtopanga
Vijiti vyako vyasikika toka Mtwapa, na wewe wajisifu.

Resi_Pwani
Nyote mwamuonea fundi. Ubaya ni hii oili ya kupimiwa kwenye chupa za soda kando ya barabara. Yatoka dukani nyeusi tayari. Cheni gani itadumu?

Mzee_wa_XL
Oili yangu ilikuwa safi! Ndani yake ndimo mlimokuwa na NDARA! Na akasema nishukuru!

Chuma_Chakavu
Tushasikia ami. Shukuru.

Nazi_Mbili
Mna bahati nyinyi, zenu ni cheni. Mimi niko kwa yule wa kuchomelea. Kanitengenezea karia, ikakatika juu ya daraja la Nyali, nazi gunia zima zikatawanyika barabarani. Wenye magari wakashuka kuokota, na hakuna aliyenirudishia.

Vijiti_CG
Wa kuchomelea yupi, yule wa karibu na Mwembe Tayari?

Nazi_Mbili
Huyo huyo!

Bint_Mtopanga
Wallahi huyo! Geti letu halifungi tangu Ramadhani. Twalifunga kwa kamba.

Mzee_wa_XL
Jamani, ndara yangu...

Resi_Pwani
Ngoja kwanza mzee. Geti si kitu, mimi kanipa kitanda, mguu mmoja mfupi. Namrudishia, aniambia sakafu yangu ndiyo imepinda.

Chuma_Chakavu
Huyu afunguliwe uzi wake. Nani ana picha ya lile geti?