Nimeokoka ila bado nanunua lumbesa kwa wakulima, hapo namshuhudia Yesu gani?

Fuso la Uyole (mleta mada)

Bwana asifiwe wapendwa, na wengine wote salamu zenu. Mimi nafanya biashara ya viazi mviringo, nachukua Isyonje na Kikondo huku Mbeya napeleka Dar, huu mwaka wa kumi na mbili. Nimeokoka mwaka jana mwezi wa nane, pombe nimeacha kabisa, na hilo mke wangu anaweza kulisimulia vizuri kuliko mimi.

Sasa shida ni kazi. Gari nimeandika jina la Yesu mbele kwa maandishi makubwa, nikifika shambani nasalimia Bwana asifiwe, alafu vijana wangu wanashindilia gunia na juu tunashona kilemba na nyavu kama kawaida, ndo lumbesa yenyewe. Gunia linahesabika moja ila likipanda mizani Dar linacheza kilo 130 mpaka 140, na mkulima nimemlipa la mia. Wiki mbili zilizopita kuna mama mmoja, mtu mzima tu wa umri wa mama yangu, tulikua tunashona gunia lake akasogea akaniuliza kwa upole kabisa, mwanangu, na nyie mliookoka nanyi mnashindilia? Hakusema kwa hasira. Nilikosa jibu nikajifanya napigiwa simu, na tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Na hapohapo kanisani wananiambia jumapili hii nisimame nitoe ushuhuda jinsi nilivyotolewa kwenye pombe. Nasita. Naombeni ushauri, nisimame niseme yote pamoja na haya ya magunia, au ninyamaze nianze tu kununua kwa kilo? Na nikinunua kwa kilo peke yangu ntauzaje maana sokoni Dar ukishusha gunia la mia wanunuzi wanakukata bei, wao wamezoea lenye kilemba.

Mjoli77

Simama mtumishi, usimpe shetani nafasi. Anayekufunga mdomo ni yeye, maana anajua ukisema mbele za watu utakua huru. Daudi alifanya dhambi kubwa na zaburi zake za toba tunaziimba mpaka leo. Sema na pombe sema na magunia.

Omwana wa Bukoba

Ndugu yangu nimesoma mara mbili, pole, na pia hongera maana wengi tungepita hapo na wala usingizi usitusumbue.

Mimi nimelelewa na bibi aliyekua mlokole wa zile enzi, yaani mtu wa ule uamsho wa waliookoka. Wasiojua, huu uamsho ulishika moto Gahini Rwanda kwenye hospitali ya misheni miaka ya 1930 ukapita Uganda ukatufikia na sisi Kagera. Na kabla ya hapo, 1929, yule daktari mzungu Joe Church alikutana na Simeoni Nsibambi pale Namirembe Kampala, wakakaa pamoja kusoma neno na kuomba, daktari na Mganda kama ndugu wawili, na kipindi cha ukoloni kile mzungu kukaa hivyo na mwafrika halikua jambo dogo. Nasema hivi kwasababu uamsho wenyewe ulianza na watu kushuka chini, ndo maana alama yake kijijini haikua kelele. Alama yake ilikua watu kurudisha vitu.

Bibi alirudisha jembe. Alilichukua kwa jirani kipindi cha kilimo, akalikalia miaka, na alipookoka hakungoja jumapili. Alienda jioni peke yake na jembe begani na kuku mmoja juu yake, akapiga magoti kwa yule mama akasema hili ni lako nililiiba. Yule mama hakua mkristo na alimtukana, bibi akapokea matusi akarudi nyumbani. Kanisani alikuja kusema baadae sana, na alisema kwa kifupi. Alikua anatuambia ukianza kusimulia dhambi kabla hujamwona uliyemkosea unakua umemuomba msamaha mtu ambaye hukumuibia. Sio kwamba walokole hawakusimama mbele za watu, walisimama sana, na kuna mahali ilizidi mpaka watu wakaanza kupimana nani katubu zaidi ya nani, bibi hakuipenda kabisa hiyo.

Kwaiyo mimi naona uende kwanza kwa yule mama. Kanisa lipo tu, halihami.

Duka la Mangi

Hapo kwa bibi nimeguswa. Zakayo nae hakuishia kusema Bwana nimetubu, alitaja hesabu kabisa, niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Na alisemea nyumbani kwake.

Abuu Swaleh

Mimi ni Muislamu nimepita tu nikaona niseme kitu, mnisamehe kama nimeingilia. Kwetu kuna sura nzima kwenye Qur'an, ya 83, imeanza na ole kwa wanaopunja vipimo, wale wakijipimia wao wanataka kamili na wakimpimia mtu wanapunguza. Nina duka la nafaka Tandika na jirani yangu mkristo tumepakana miaka tisa. Hajawahi kunihubiria hata siku moja. Ila nikienda msikitini namwachia duka na droo ya hela, na wateja wangu wakikuta nimefunga wanamuuliza yeye kama mchele wangu ni wa mwaka huu maana wanajua hatasema uongo hata kwa faida yangu. Mwaka juzi nilimuuliza mwenyewe, wewe mbona uko hivi, ndo akaniambia habari za imani yake, tukaongea mpaka saa ya kufunga. Nimebaki kwenye dini yangu na yeye ya kwake, lakini yale maneno niliyasikiliza kwasababu mimi ndo niliuliza.

Mtoto wa Mkulima

Nitaongea kwa uchungu kidogo. Mimi ni hao mnaowashonea vilemba. Baba alikua analima vitunguu, tulikua tunahesabu magunia kumi tumepata ada, kumbe tajiri kaondoka na kumi na tatu. Mimi nilirudi nyumbani kidato cha pili kwa ada. Na matajiri wengi waliokua wanatununulia walikua wa kanisa letu na walichangia mabati, na mchungaji akawapongeza mbele yetu sisi tuliokaa nyuma. Kwaiyo kaka, wewe ukisimama jumapili useme umeacha pombe na watu wapige vigelegele, kuna mkulima yuko benchi la nyuma anakuangalia. Mfikirie yeye. Sijasema ili nikuumize, hata kuuliza kwako hapa kumenipa faraja, sijawahi ona tajiri anauliza.

Mizani Haidanganyi

Kwenye biashara: kisheria gunia halitakiwi kuzidi kilo 100 na mazao yapimwe, Wakala wa Vipimo wanakagua na lumbesa ina faini. Nunua mizani, ipeleke ihakikiwe ibandikwe stika, nenda nayo shambani. Dar usiuze kwa gunia, tafuta wanunuzi wa kilo, wenye mahoteli na wauza chipsi wakubwa wengi wanapenda kilo maana wanajua wanapata nini. Faida itashuka mwanzoni nisikudanganye. Mimi kwenye mahindi ilinichukua msimu mzima.

Fuso la Uyole (mleta mada)

Wapendwa nimerudi. Mtoto wa Mkulima ulichoandika nilimsomea mke wangu akalia, pole sana kaka na mimi nimo kwenye kundi hilo, nisamehe.

Jumapili sikusimama, niliwaambia bado. Jumanne nikapanda Isyonje na mizani. Yule mama nilimkuta anapalilia, nikamwambia mama siku ile uliniuliza nikakosa jibu, jibu ni kwamba nimekuibia. Tukakaa tukahesabu misimu mitatu anayoikumbuka yeye, nikamlipa na nyongeza, mara nne sijaweza nisiseme uongo. Alihesabu hela taratibu mpaka mwisho akafunga kwenye kanga, akaniuliza hiyo mizani mwezi ujao utakuja nayo tena? Nikasema nitakuja nayo.

Sasa habari imeshafika kijiji kizima. Jana wamenipigia wakulima wanne, mmoja anaongea kwa ukali sana kwamba kwanini nimelipa huyo na yeye bado, na ana haki. Mtaji hautoshi kulipa wote kwa mpigo. Na kuna mzee nilinunua kwake muda mrefu ameshafariki, watoto wamehamia Chunya na sijui nawapataje. Waliowahi kupitia hili mlifanyaje kwa wale waliokwisha kufa?

Omwana wa Bukoba

Kaandike majina yote kwenye daftari kwanza, na huyo aliyekasirika umpigie leo kabla ya wengine, umwambie tarehe. Wale wa Chunya niambie mzee alikua wa ukoo gani, njoo inbox, nina shemeji anachimba huko.