Mialiko ya ndoa ya kujitengenezea: kuchapisha tu, kikwembe, au ganda la mgomba?

Maarusi_Aprili
Jambo wote. Ndoa ni hapa Bukavu, mwezi wa nne, mvua ikiwa bado kali. Wageni ni 200, ila mume na mke wanapewa kadi moja, kwa hiyo mialiko ni 120. Tunataka kuitengeneza wenyewe, pamoja na mapambo ya meza 20. Tumebaki na njia tatu: bristol (karatasi ngumu ya kadi) ya gramu 250 iliyochapishwa tu, kadi hiyo hiyo ikiwa na utepe wa kikwembe (kitenge) mbele, au kadi yenye ganda kavu la mgomba. Ipi inavumilia, ipi inakula siku, na watu wanakosea wapi? Nyumbani kuna printa ndogo ya wino wa maji.

Fotokopi_Kadutu
Dada, kabla ya kikwembe na mgomba, fikiria mkunjo. Hapo ndipo kadi nyingi zinaharibikia.

Karatasi ina nyuzi zinazolala upande mmoja. Ukikunja kwa kuzifuata, mkunjo unatoka safi. Ukikunja kwa kuzikata, gramu 250 inapasuka. A4 nyingi za dukani nyuzi zake zinafuata urefu, ile milimita 297. Ukiikunja katikati upate A5, umezikata. Lakini ukiipasua A4 vipande viwili, kisha ukakunja kila kipande upate A6 (milimita 105 kwa 148), mkunjo unazifuata. A4 moja kadi mbili: karatasi 60, na 10 za ziada kwa sababu zingine zitaharibika, usijidanganye. Kuhakikisha, pinda karatasi polepole bila kuivunja, kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaolegea ndio mkunjo wako.

Kabla ya kukunja, pitisha biki iliyokwisha wino kando ya rula ya chuma. Kinundu kinachotokea nyuma ya mstari kibaki ndani ya kadi. Wengi wanafanya kinyume.

Hiyo printa ya nyumbani iache. Tone moja la mvua na jina la baba wa bwana arusi linakimbia. Nenda kwenye mashine ya leza, mwambie fundi apitishe karatasi kwenye trei ya pembeni na achague karatasi nzito, la sivyo joto halitoshi na maandishi yanabanduka kwa ukucha. Mashine nyingine hazipokei zaidi ya gramu 200, kwa hiyo beba karatasi tatu za kujaribu. Rangi nzito usiipitishe juu ya mkunjo. Acha milimita 5 kila upande.

Mama_Vikwembe
Mwanangu, chukua kikwembe. Hesabu: utepe wa sentimita 5 kwa 15. Kitambaa cha upana wa sentimita 115 kinatoa tepe 7 kwa upana, na yadi moja, sentimita 91, inatoa safu 18. Ni tepe 126, zinatosha. Kinachobaki kwenye kikwembe kitafunika mitungi ya meza.

Usikifue. Wanga wa kiwandani ndio unaokifanya kiwe kigumu na kisichanike nyuzi ukikata. Chagua maua madogo. Mchoro mkubwa ukikatwa kwa sentimita 5 unabaki na bawa bila ndege. Gundi nyeupe iliyotiwa maji inapenya na kuacha doa la kung'aa mbele, kwa hiyo tumia gundi ya kijiti au skochi ya pande mbili. Gundi ipake kwenye kadi, si kwenye kitambaa, kwa sababu kitambaa kikilowa kinanyooka, kikikauka kinarudi na kuvuta kadi. Bandika, kandamiza kwa kitambaa kikavu, kisha kata milimita mbili zinazozidi kwa wembe mpya. Wembe uliochoka unavuta nyuzi.

Ule uji wa unga wa kubandikia usiutumie mwezi wa nne. Unaota ukungu, na mende wanaupenda.

Mpenda_Mgomba
Mama, kikwembe kila mtu amekiona. Ganda la mgomba lina rangi tano za udongo, kuanzia maziwa hadi kahawa, na halinunuliwi. Lakini niseme ukweli: si la mwezi wa nne. Ganda zuri ni lile lililokauka lenyewe mtini wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita. La masika linakuja na madoadoa meusi ya ukungu, na hayo hayatoki.

Kama kuna ganda lililohifadhiwa tangu kiangazi, lifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, lipige pasi ya uvuguvugu kati ya karatasi mbili, kisha lilaze siku mbili chini ya vitabu. Usifunike kadi nzima. Gundi inalowesha upande mmoja na kadi inajikunja kama kigae. Kata umbo dogo, sentimita 4 kwa 6, tia gundi nyembamba ya maseremala, na uweke kadi kati ya mbao mbili kwa saa 24. Na chapisha KWANZA, bandika baadaye. Kadi yenye ganda ikiingia kwenye mashine ya leza, fundi wa fotokopi hatakusamehe.

Fotokopi_Kadutu
Hatasamehe, kweli. Joto la ndani linachoma ganda na mabaki yanakwaruza silinda.

Maarusi_Aprili
Asanteni. Muda je? Na bahasha, tununue au tutengeneze?

Mama_Vikwembe
Kikwembe, kadi moja dakika nne ukishazoea. 120 ni saa nane. Watu watatu, alasiri moja. Lakini mmoja akate, mmoja abandike, mmoja asafishe kingo. Kila mtu akifanya kadi nzima, zitatoka za aina tatu.

Fotokopi_Kadutu
Bahasha C6 za dukani ni milimita 114 kwa 162. A6 inaingia hata ikiwa na utepe. Kutengeneza kunawezekana: kata mraba wa milimita 200 kutoka A4, laza kadi katikati pembe zake zikielekea kingo za mraba, kunja pembe za kushoto na kulia, kisha ya chini, ya juu iwe kifuniko. Karatasi ya gramu 80 inaonyesha maandishi ya ndani. Tafuta ya 120. A4 moja inatoa bahasha moja tu, na hapo ndipo hesabu inawashinda wengi. Mimi ningenunua, na nguvu niziweke kwenye kadi.

Lushi_Mapambo
Naandika toka Lubumbashi. Kwa meza, maua ya karatasi ya hariri, ile nyepesi sana ya kufungia zawadi. Chukua karatasi mbili za sentimita 50 kwa 70, kata kila moja vipande vinne, upate nane za 25 kwa 35. Zipange pamoja, kunja kama feni, kila mkunjo sentimita 3, ukifuata upande wa 35, ili feni ibaki na urefu wa 25. Funga katikati kwa waya mwembamba, kata ncha kwa mviringo, kisha inua tabaka moja moja ukianza juu. Ua linapata upana wa sentimita 25 hivi. Kwa meza 20 ni karatasi 40.

Huku wakati wa kiangazi tunayafungua wiki moja mapema na adui ni vumbi tu. Kwenu, pale ziwani, na mvua? Yaacheni yakiwa yamekunjwa ndani ya mfuko uliofungwa, myafungue asubuhi ya sherehe. Hewa yenye unyevu inayalegeza kufikia jioni.

Mama_Vikwembe
Na yasiwe ya karatasi ya krepe nyekundu! Tone la maji toka kwenye glasi baridi na kitambaa cheupe cha meza kimekwisha, rangi ile haitoki. Mimi ningeweka chupa tupu zilizovikwa kikwembe kile kile cha kadi, ndani yake matawi mabichi. Bougainvillea usiikate mapema, inanyauka ndani ya saa chache. Mlangoni matawi ya ngazi (mchikichi), mawili kila upande, yamefungwa na waya, siyo kamba: jani likikauka linasinyaa na kamba inateleza.

Lushi_Mapambo
Kwa mvua hiyo, Mama yuko sahihi. Mishumaa iwe ndani ya glasi, na iwe mbali na karatasi sentimita 30 angalau.

Maarusi_Aprili
Basi: leza, A6, utepe wa kikwembe, bahasha za kununua, chupa mezani. Ganda la mgomba tutalitumia kwa namba za meza tu, likipatikana la kiangazi.

Mpenda_Mgomba
Namba 20, ndiyo, hiyo ni kazi ya ganda moja. Andika kwa wino mweupe wa mafuta. Kalamu ya maji inasambaa kwenye nyuzi.

Fotokopi_Kadutu
Kabla hujachapisha zote 70, chapisha moja, wasomee wazazi wa pande zote mbili kwa sauti: majina, saa ya komini (ndoa ya serikali), saa ya kanisa, mahali pa karamu. Kosa la herufi kwenye jina la ukoo halifutiki kwa kikwembe. Na siku ya kuzibeba toka mashineni, uwe na mfuko usiopitisha maji, hata kama asubuhi jua linawaka.