Nikibadilisha laibrari ya pamoja sevisi za wenzangu zinavunjika, nyinyi mnafanyaje?

mtunza_laibrari
Wadau habari za jioni. Naomba ushauri na mnivumilie, ni ndefu kidogo. Nafanya kazi kwa kampuni ndogo hapa Ngong Road, tuko na sevisi tano za Node (programu za JavaScript zinazokaa kwa seva) na zote zinatumia laibrari moja ya malipo, yaani kodi ya pamoja, ambayo mimi na mwenzangu mmoja ndio tunaitunza. Inasafisha namba za simu, inapiga hesabu ya makato, inatengeneza risiti, basi.

Wiki mbili zilizopita tulibadilisha fankisheni ya namba za simu. Zamani ukiipa 0722 inakurudishia hivo hivo na sifuri yake, tukaona afadhali irudishe 254 mbele kwa sababu ndivyo API ya M-Pesa, ule mlango wa programu kuongea na M-Pesa, inavyotaka, kila timu iache kujibadilishia kivyake. Jina la fankisheni lile lile, inapokea kitu kile kile, testi zetu zote kijani, yaani zimepita, tukatoka toleo 2.3.1 tukaenda 2.4.0. Ijumaa, saa tisa mchana. Kufika saa kumi na moja sevisi ya meseji inatuma kwa 254254722, kwa sababu yenyewe ilikuwa inatoa sifuri kama iko halafu inabandika 254. Ya ripoti nayo inatafuta mteja kwa namba yenye sifuri, haimpati, inafungua mteja mpya kwa kila malipo yanayoingia. Nilikaa mpaka saa sita usiku nikiunganisha wateja wawili wawili kwa databesi. Kuna mama ana duka la nafaka alipiga simu mara nne akiuliza mbona ametuma pesa na deni liko palepale, na mimi ndio nilikuwa nimeshika hiyo simu, sijasahau sauti yake.

Sasa tunataka badiliko kubwa kuliko hilo. Pesa zote kwa laibrari ni namba za desimali, tunataka ziwe senti nzima, na ni lazima, JavaScript ukiipa 19.99 mara 100 inakujibu 1998.9999999999998, mtu akikata desimali senti imeenda. Lakini timu zote zimejifungia 2.3.1, hazitaki kuskia apdeti yoyote kutoka kwetu, na bosi anataka wote wahame kabla mwezi uishe. Nianzie wapi?

wa_kinoo
Pole sana ndugu. Kwanza nijibu moja, zilivutaje 2.4.0 bila mtu yeyote kuidhinisha?

mtunza_laibrari
package.json zao, ile orodha ya laibrari wanazotaka, zilikuwa zimeandikwa ^2.3.0. Halafu package-lock.json, ile inayoandika toleo kamili la kila laibrari, mtu aliiweka kwa .gitignore (isihifadhiwe na kodi) kitambo, alisema inaleta migongano kila mkimerji.

wa_kinoo
Basi hapo ndo mlango ulikuwa wazi. Hiyo alama ya ^ inaruhusu chochote kuanzia 2.3.0 mpaka kabla ya 3.0.0, kwa hivyo bila lock kila bildi (kila mara programu inapotengenezwa upya) inajichagulia. Rudisheni lock kwa git kesho asubuhi, na kwa seva ya bildi tumieni npm ci badala ya npm install, ci inafuata lock kama ilivyo na ikiona haielewani na package.json inakataa kabisa.

Lakini pia 2.4.0 yenu ilikuwa 3.0.0, tuambiane ukweli. Namba ya kwanza inapanda kama anayekutumia atavunjika, haijalishi umegusa mistari mingapi. Ile laibrari ya left-pad ya Machi 2016 ilikuwa mistari 11 pekee, mwenyewe alipoitoa kwa npm, ghala la laibrari za JavaScript, bildi za watu zikaanza kuanguka dunia nzima, mpaka za Babel, chombo kinachotumiwa na wengi.

dada_wa_testi
Mimi kinachonitisha ni hizo senti. Namba ya simu ikiharibika utaona, meseji haifiki. Lakini kiasi: 1500 ni namba na kiasi: 1500 ni namba, moja ni shilingi elfu moja mia tano na ingine ni shilingi kumi na tano, hakuna testi wala TypeScript (inayokagua aina za data) itakwambia kitu! Tafadhali sana usibadilishe maana ya jina ambalo watu tayari wanatumia. Ongeza kiasiSenti kando ya kiasi, zote mbili zirudi kwa muda, kiasi iwe inaandika onyo kwa logi ikitaja nani ameiita. Siku ukiitoa kabisa kwa 3.0.0, aliyebaki nyuma bildi yake itaanguka mchana mbele ya macho yake, hiyo nakuombea kuliko ile ya kukosea kimyakimya kwa wiki tatu.

Na ukumbuke databesi na foleni ya ujumbe ambao sevisi zinaachiana. Lock haifungi ujumbe ulioandikwa jana na utasomwa kesho. Wasomaji wahame kwanza, wawe wanaelewa yote mawili, ndo waandishi wafuate.

baba_sevisi
Naheshimu ushauri wa dada lakini kwa sevisi tano mnajichosha. Kuweka mbili mbili ndo unakuta miaka minne zote bado ziko. Python 3 ilitoka 2008 na Python 2 ikafungwa rasmi Januari 2020, hesabu hiyo. Mtunza, chukua wiki moja, fungua pul rikwesti tano (maombi ya kuingiza mabadiliko kwa kodi yao) wewe mwenyewe, wapelekee kazi imekamilika. Aliyebadilisha ndo anajua nini kimebadilika, mbona umwambie mwingine akutafutie?

dada_wa_testi
Pul rikwesti tano sawa kabisa, hata mimi ningefanya hivo. Lakini sevisi tano haziwezi kupanda prodakisheni dakika moja. Katikati hapo kuna moja inaongea shilingi na ingine senti, ndo maana nataka majina mawili, na tarehe ya kutoa la zamani iandikwe siku ile ile linaongezwa.

baba_sevisi
Na tarehe hapo sina neno.

mtunza_laibrari
Asanteni sana, kweli. Nimeongea na bosi, amekubali lock kwanza. Swali la mwisho, wanaogopa hata kujaribu, nitawashawishi aje?

wa_kinoo
Chukua testi zao. Kabla hujatoa toleo, bildi yako ivute ripo zote tano, iweke laibrari mpya, irashe testi ZAO, kwa sababu zako zilikuwa kijani ile Ijumaa na hazikusaidia. Mwenye hofu sana anaweza kuweka zote mbili kwa jina tofauti, npm install malipo3@npm:malipo@3, ahamishe faili moja moja akiwa na ya zamani pembeni.

mtunza_laibrari
Narudi na habari. Tumerasha testi za sevisi zote tano na toleo lenye kiasiSenti, nne zimepita, ya ripoti imeanguka sehemu mbili, kote inajumlisha kiasi na makato kabla ya kukata desimali. Nimekaa na dada wa timu hiyo leo mchana tumezirekebisha pamoja, pul rikwesti iko kwake. Kutoa kiasi tumeandika Jumanne ya mwisho ya mwezi ujao, asubuhi, si Ijumaa tena.