Mrejesho: madirisha ya foaye yetu (nyumba wanamokaa vijana), Bukavu

Aksanti sana, wandugu. Niliuliza hapa namna ya kulinda vijana wenye huzuni nzito ghorofani, wasijirushe dirishani, bila kuwafungia ndani moto ukiwaka. Nilifuata shauri la mama mmoja fundi aliyenijibu: nondo za madirisha sasa zina bawaba, na kadena (kufuli) zote nne hufunguka kwa ufunguo mmoja, ulio kiunoni mwa mlinzi wa usiku. Jaribio la kwanza la kuzifungua, mlinzi alipapasa gizani dakika tatu nzima! Tukampa tochi, akamaliza chini ya dakika moja. Sasa analala ghorofa ileile ya vijana. Vijana wameanza kumsimulia mambo yao, jambo sikulitegemea.

Kipima moshi ndicho kimenishinda. Kinalia kila makala (mkaa) yakiwashwa, juzi mtu akakitoa betri. Jumamosi nakihamishia koridoo.